Tulipotembea Gedi, Mji wa Kuta Mbili

Wengi wetu tukaao pwani na bara yake tumepita mara nyingi katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Gari likifika njia panda ya Watamu, utingo huita, "Gedi! Gedi!" Watu hushuka na vikapu vyao, wengine hupanda, na gari huendelea. Ni wachache wanaouliza kuna nini ndani ya msitu ule ulio karibu na barabara. Mle mna mji. Una ukuta wa nje na ukuta wa ndani, una misikiti, visima, makaburi na jumba la mtawala, wala hauna mkaaji hata mmoja. Leo nataka kuwaelezeni jinsi mimi na jamaa zangu tulivyoutembea kwa miguu, ili nanyi mkipata nafasi mwende, tena mwende kwa njia ifaayo.

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu chuoni, lakini kazi yangu ya sasa ni vitabu: ubatizo, ndoa, vifo, na barua zinazokuja na kwenda. Kazi hii humwonyesha mtu mambo ambayo mwingine hayaoni upesi. Zamani walioomba vyeti vya ubatizo walikuja wenyewe kwa miguu kutoka vijiji vya jirani. Siku hizi maombi mengi hutoka Mombasa, Mtwapa na Nairobi. Watu waliobatizwa kwetu huoa kwingine, na watoto wao huandikwa katika vitabu vya kwingine. Mvua zilipokosa kunyesha vizuri tangu mwisho wa mwaka 2020 hata 2022, lambo letu la maji lilikauka likabaki nyufa tupu. Majirani 4 walifunga milango yao wakaenda. Mvua zimerudi, lakini wao hawajarudi.

Jambo hili liliingia hata nyumbani kwetu. Baba ni mzee wa miaka 78. Ndugu zangu wawili wakaao Mombasa walitaka aache mji wake akaishi nao huko, kwa sababu ya maji na ya hospitali. Walisema kwa upendo, si kwa ubaya. Baba hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Nipeni muda." Mwezi huo nilikuwa na akiba kidogo, nikamwomba twende Gedi kwa siku moja, yeye na mimi, na watoto wangu wawili, mvulana wa miaka 13 na msichana wa miaka 9. Sikuwa na nia ya kumshawishi upande huu au ule. Nilitaka apumzike kidogo na maneno ya watu.

Sasa nianze na shauri la kwanza. Msiende Gedi kwa kujitembelea tu bila mtu wa kuwaonyesha. Mawe hayana kinywa. Mtu asiyejua ataona kuta zilizobomoka na miti mikubwa, atapiga picha, atarudi nyumbani bila kitu. Pale pana waongozaji waliojifunza habari za mji ule. Mkubalianeni ujira kabla ya kuanza, kisha mwambieni anayewaongoza kwamba mnamtaka awe wenu peke yenu, msichanganywe na kundi kubwa. Siku ile tuliona kundi la wanafunzi wengi na mwongozaji mmoja. Maskini kijana yule alipaza sauti mpaka ikakauka, na watoto wa nyuma hawakusikia neno. Sisi tulikuwa wanne na mwongozaji wetu. Tulikwenda kwa mwendo wa mzee, tukasimama alipotaka kusimama, na kila mtu aliuliza alichotaka. Kuongozwa hivyo huzidi gharama kidogo, lakini faida yake ni kubwa.

Tulianzia ukuta wa nje. Ukuta huu ulizunguka mji wote, ekari 45 hivi, na kimo chake kilikuwa futi 9. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, ukashikizwa kwa chokaa na udongo. Mwongozaji alituambia kwamba watu walianza kukaa pale miaka zaidi ya 800 iliyopita, na kwamba mji ulistawi zaidi katika karne ya 15. Wakaaji wake walikuwa Waswahili Waislamu. Baba aliweka mkono juu ya ukuta akaupapasa kama mtu apapasavyo mgongo wa ng'ombe. Katika ujana wake alikuwa akichoma chokaa. Akamwambia mwongozaji, "Mwanangu, hii si kazi ya wiki moja. Tanuu moja la chokaa lataka magogo mengi. Ili kujenga ukuta huu, walikata msitu." Mwongozaji alitabasamu akasema, "Kweli, mzee. Na sasa msitu umerudi kudai."

Ni kweli umedai. Mibuyu imesimama vyumbani, mizizi imepasua kuta, na kima hurukaruka juu ya milango ya wakubwa wa zamani. Kima mmoja alimnyang'anya binti yangu andazi lake na kwenda kulila juu ya ukuta, akitutazama kama mwenye nyumba atazamavyo wageni. Basi, shauri la pili: msiingie na chakula mikononi.

Baada ya ukuta wa nje tulipita mahali pasipokuwa na kitu. Palikuwa na miti, majani makavu, na njia nyembamba. Mwanangu alitaka tuharakishe tufike kwenye majumba. Mwongozaji akatusimamisha. Akasema, "Hapa ndipo walipokaa watu wengi wa mji." Mtoto akatazama huku na huku, akauliza, "Nyumba zao ziko wapi?" Akajibiwa kwamba zilikuwa nyumba za fito na udongo, zimeezekwa makuti. Mvua na mchwa vimezila zamani. Majumba ya mawe yalikuwa ya wachache, nayo yako zaidi ndani ya ukuta wa pili. Watu waliolima, waliovua samaki, waliofua chuma na kufinyanga vyungu, wengi wao walikaa hapa tulipokuwa tumesimama.

Wasomaji, nawaombeni mfikiri kidogo juu ya jambo hili. Wengi wetu tumezaliwa katika nyumba za kukandika. Watoto wetu huzitazama sasa kwa aibu kidogo, hasa wakirudi kutoka kwa jamaa za mjini. Na mtu akisoma kwamba Waafrika wa pwani walijenga miji ya mawe, hufikiri kwamba mji ulikuwa mawe tu. Lakini nani aliyeyapasua mawe yale kutoka ardhini? Nani aliyeyabeba? Nani aliyewalisha mafundi? Baba aliinama, akachukua kipande kidogo cha chungu kilichovunjika kilichokuwa njiani, akamwonyesha mjukuu wake mahali kilipokuwa cheusi kwa moshi. "Huyu alipika hapa," akasema. Kisha akakirudisha palepale alipokiokota, maana mwongozaji alikuwa ametuonya tusichukue kitu. Mtoto hakusema neno, lakini kuanzia hapo hakutuharakisha tena.

Tukafika ukuta wa ndani. Habari za ukuta huu wataalamu hawakubaliani. James Kirkman, Mwingereza aliyechimba Gedi tangu 1948 hata 1958, alifikiri kwamba ulijengwa baadaye, watu walipokuwa wamepungua, wakajikusanya katikati wakaacha sehemu za nje. Wengine husema kwamba ulikuwa wa kuwatenga wenye mali na watu wa kawaida. Mwongozaji alitupa maneno yote mawili, hakutulazimisha kushika moja. Nilimpenda kwa hilo. Mwongozaji mwema hukuambia kinachojulikana, kinachodhaniwa, na mahali ambapo wajuzi wenyewe wanashindana.

Ndani ya ukuta wa pili tuliona msikiti mkubwa. Sisi ni Wakristo, lakini tuliingia kwa heshima, maana nyumba ya sala ni nyumba ya sala. Juu ya mlango wake mmoja pamechongwa mkuki wenye ubapa mpana, mkuki wa Kiafrika. Binti yangu aliuona kabla ya sisi wakubwa. Karibu na msikiti kuna nyumba za mawe, na kila nyumba imepewa jina kwa kitu kilichookotwa ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya fedha za Kichina, nyumba ya ushanga wa Venice, nyumba ya kauri. Kauri ni wale konokono wa baharini ambao zamani walitumika kama fedha. Fikirini: ushanga wa Ulaya na fedha za China katika msitu wetu huu. Vyombo vya udongo kutoka China vimepatikana pale kwa wingi.

Watoto walipenda zaidi vyoo. Msicheke. Nyumba zile zilikuwa na vyoo vya shimo vilivyojengwa vizuri, na mahali pa kunawia. Walipenda tena chumba kimoja cha ghala ambacho hakina mlango. Mtu aliingia kwa tundu lililo juu, karibu na dari, akishuka kwa ngazi. Mwongozaji alisema mle ndimo mwenye nyumba alimoweka mali yake, mbali na macho ya wageni. Mwanangu akasema, "Kwa hiyo waliogopa wezi hata ndani ya kuta mbili." Nikaona kwamba anafikiri vizuri.

Kisha tukasimama mbele ya kaburi lililoandikwa tarehe. Ni mwaka 802 wa Waislamu, yaani 1399 kwa hesabu yetu. Mimi karani nilikaa pale kuliko wengine. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, maili 10 hivi kutoka Gedi, wakaandika habari nyingi za pwani, lakini mji huu hawakuutaja. Mji mzima wenye misikiti na majumba, na katika vitabu vya wageni wale haumo. Mtu mmoja alizikwa, na mwingine akaona yafaa kuchonga mwaka juu ya kaburi lake, na mwaka huo mmoja ukawa msaada mkubwa kwa wachimbaji kujua umri wa vitu vya kando yake. Nilifikiri juu ya vitabu vyangu vya ubatizo ambavyo mchwa hunisumbua navyo kila masika. Nanyi wazazi mnaochelewa kuandikisha watoto na kusema, "Tutakuja mwezi ujao," lifikirini kaburi hili.

Mwisho tulifika kisimani, nje kidogo ya msikiti mkubwa. Ni kirefu, na ndani yake hamna maji. Mwongozaji alituonyesha kwamba kisima hiki kilichimbwa mara ya pili ili kukiongeza kina, kwa sababu maji ya chini yalikuwa yakishuka. Hapo mwanangu akauliza lile swali ambalo kila mtu huuliza Gedi: "Kama walikuwa na mali yote hii, kwa nini waliondoka?"

Akajibiwa hivi. Mji uliachwa mwanzoni mwa karne ya 17, na hakuna aliyeacha maandishi ya kutuambia sababu. Lakini yako mambo yanayojulikana. Mwaka 1589 jeshi la Wazimba lilipanda pwani kwa vita, likafika hata karibu na Malindi. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, na mtawala wa Malindi naye akahamia Mombasa, na biashara ikaenda pamoja naye. Waoromo nao walikuwa wakishuka kutoka kaskazini, na miji mingi ya bara ya pwani haikuwa na amani. Na jambo la nne ni maji.

Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe akisikiliza. Akasema polepole, "Vita hupita. Mtu hukimbia, akarudi. Hata kaya yetu walipoilipua, watu hawakuisahau." Alikuwa akisema juu ya Kaya Fungo, kaya ya Wagiriama, ambayo serikali ya Waingereza iliilipua kwa baruti mwaka 1914. Kaya nazo zilikuwa miji yenye boma ndani ya msitu, boma la miti badala ya mawe, na njia za kuingilia zenye malango. Mwaka 2008 misitu ya kaya iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na Gedi ikaandikwa mwaka 2024. Baba hakuwa na habari za orodha hizo. Alitazama ndani ya kisima akaendelea, "Lakini mwanamke akishusha ndoo ikarudi tupu, anamwambia mumewe mara moja. Akirudi tupu mara ya pili, anafunga mizigo. Hawa walikuwa na kuta mbili, na maji yalitoka chini yake bila kupita langoni."

Mwongozaji alitoa daftari lake akayaandika maneno yale. Alituambia pia habari ya Takwa, mji mwingine wenye ukuta, katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Nao uliachwa, na wengi husema ni kwa sababu maji ya kisima yaligeuka chumvi. Watu wake walivuka mkono wa bahari wakakaa Shela. Na watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kurudi Takwa, penye kaburi la mnara, kuomba mvua. Baba aliuliza, "Wanarudi kuomba mvua mahali walipopahama kwa kukosa maji?" Mwongozaji akasema ndivyo. Baba akatikisa kichwa, wala hakusema zaidi. Ndani ya gari wakati wa kurudi alilala.

Wiki mbili baadaye ndugu zangu walikuja kutoka Mombasa kwa mazungumzo. Baba aliwaambia kwamba ameona mji ulioachwa na wenyewe, na kwamba hataki kubishana nao juu ya nyumba. Alitaka kwanza kujua habari ya maji. Kama lambo likisafishwa na kuongezwa kina kabla ya masika, atabaki. Kama lisiposafishwa, atakwenda nao, lakini wasimwambie kwamba yeye ndiye aliyeuacha mji. Ndugu zangu walinyamaza kwa muda mrefu. Mkubwa alitoa fedha siku ileile. Wa pili asema bado ni hatari kumwacha mzee mbali na hospitali, na neno lake lina haki yake. Hatujamaliza. Lakini tope la lambo limeanza kutolewa, na majirani waliobaki wametoa mikono na majembe. Mwanangu naye huenda kila Jumamosi. Mmoja wa wale waliofunga milango aliposikia alimtuma kijana wake aje kuchimba siku mbili.

Basi, wasomaji wapenzi, haya ndiyo mashauri yangu kwenu. Mkienda Gedi, au Takwa, au Songo Mnara kule Kilwa, au mji wowote wa kale wenye kuta, mchukueni mwongozaji awe wenu peke yenu. Vaeni viatu vya kufunga, kwa maana mizizi ni mingi. Nendeni asubuhi kabla ya jua kali. Msiwaache wazee nyumbani mkidhani ni matembezi ya vijana, kwa maana mzee ajuaye chokaa, fito na kisima ataona mambo ambayo hata mwongozaji atayaandika. Simameni mahali pasipo na kitu, mkaulize nani aliyekaa hapo. Na mkimaliza kuzitazama kuta, ulizeni ni wapi walikoteka maji, kisha mwangalieni mzazi, mtoto na jirani mliyekwenda naye, mkaulizane juu ya kisima cha kwenu.